Kompyuta Iongozwayo kwa Macho

Msafiri atokaye Kigali kwenda Nyamata hupita Gahanga, katika wilaya ya Kicukiro, kabla ya barabara kuteremka hadi daraja la mto Nyabarongo. Hapo Gahanga ulifunguliwa, mwezi Oktoba mwaka 2017, uwanja wa kriketi wenye mapaa yaliyopinda kama njia ya mpira unaodundadunda. Mchezo wenyewe ulitoka ng'ambo, na ramani ya jengo ilichorwa na wasanifu wa ng'ambo. Lakini vigae vya mapaa yale vilishindiliwa kwa udongo wa Rwanda uliochanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa, na wenyeji ndio waliovijenga. Habari hiyo ya udongo inafaa kukumbukwa linapozungumzwa jambo jingine lililotoka ng'ambo, nalo ni kompyuta iongozwayo kwa macho.

Katika Gahanga, kama ilivyo Tabora, Kisumu au Bukavu, mtu aweza kuwa na akili timamu na hali mikono yake haishiki na ulimi wake hautamki. Mwingine huzaliwa na mtindio wa ubongo. Mwingine hupigwa na kiharusi au huvunjika shingo. Mwingine hupata maradhi yanayoua mishipa ya fahamu iongozayo misuli. Mtu wa namna hiyo hulishwa, huogeshwa na hulazwa, wala haulizwi neno. Jamaa humzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Akilia, nyumba nzima hukisia: ni njaa, ni homa, au ni mbu? Na aghalabu katika miili hiyo iliyokwama, macho huendelea kutii.

Kompyuta hiyo hufanya kazi kwa njia isiyo na mwujiza wowote. Taa ndogo hutoa mwanga usioonekana, nao hurudishwa na jicho kama kioo kirudishavyo jua. Kamera hupiga picha za jicho mara nyingi kwa kila sekunde, na programu hupima mahali kilipo kimeta kile na mahali ilipo mboni, kisha hukokotoa ni sehemu gani ya kioo cha kompyuta inayotazamwa. Kwanza mtumiaji hutazama nukta chache, moja baada ya nyingine, ili mashine imzoee. Baada ya hapo hutazama herufi. Akiituliza macho kwa muda wa kama sekunde moja, herufi huandikwa. Maneno yakiisha kuandikwa, kompyuta huyatamka kwa sauti.

Kwa miaka mingi vyombo hivyo viliuzwa kwa maelfu ya dola, bei ambayo hata katika nchi tajiri iliwashinda wengi. Mambo yamebadilika kwa haraka. Mwaka 2014 Steve Gleason, aliyekuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani na ambaye maradhi yamempooza mwili, aliwaomba wahandisi wa Microsoft wamtafutie njia ya kuendesha kiti chake kwa macho. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2017 uongozaji kwa macho uliingizwa katika Windows 10. Mwaka 2015 Mwingereza Julius Sweetland alitoa programu ya OptiKey, ambayo hutolewa bure. Mwaka 2020 Google ilitoa programu ya simu iitwayo Look to Speak, ambayo mtu huchagua sentensi kwa kutazama kushoto, kulia au juu, na sentensi hizo zaweza kubadilishwa ziwe zile anazozitaka mwenyewe. Hii nayo hailipiwi.

Basi ikiwa bei imeshuka kiasi hicho, kizuizi ni nini? Umeme na simu nzuri vingali taabu kwa wengi, na hilo halihitaji maelezo marefu. Jua nalo hutatiza kamera, kwa hiyo uani mchana chombo huweza kubabaika. Lakini kipo kizuizi kisichotajwa sana, nacho ni lugha.

Aandikaye kwa macho hulipa kila herufi kwa muda na uchovu. Neno “sitaki” ni herufi 6. Neno “ninaumwa” ni 8. Ndiyo maana programu hizo hukisia neno kabla halijaisha. Kwa Kiingereza ukisiaji huo si mgumu sana, kwa sababu mwanzo wa neno hudokeza maana yake. Lakini Kiswahili na Kinyarwanda huweka mbele viambishi vya nafsi na wakati, na maana yenyewe hufuata baadaye. Aliyekwisha kuandika “nina” bado hajasema lolote: analala, analia, au anapenda? Programu isiyoijua sarufi ya Kibantu itamchosha kabla hajaomba maji. Na isipokuwa na sauti ya lugha ya nyumbani, itamtamkia mama yake maneno kwa lafudhi ambayo mama hataielewa.

Kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa hapa hapa, Kigali yenyewe ni ushahidi. Kuanzia mwaka 2019 vijana wa kampuni ya Digital Umuganda, wakishirikiana na mradi wa Common Voice wa Mozilla, waliwahimiza wananchi wasome sentensi za Kinyarwanda kwa sauti na kuzirekodi. Zilikusanywa zaidi ya saa 2,000, na Kinyarwanda kikawa miongoni mwa lugha zilizo mbele katika hazina ile ya dunia. Ni kweli sauti zile zilikusanywa ili kompyuta ijifunze kusikia, na kusema ni kazi nyingine. Hata hivyo, waliojitolea kuifundisha masikio hawawezi kushindwa na kinywa.

Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Desemba mwaka 2008, na Kenya na Tanzania nazo zimo. Mkataba huo unahesabu kutoa maoni kwa njia aichaguayo mtu mwenyewe kuwa ni haki. Kwa hiyo serikali inayonunua viti vya magurudumu haina sababu ya kuiona kamera ya macho kuwa anasa. Lakini pia iwe na hadhari: Waswahili husema macho hayana pazia, na mashine inayofuata kila mtazamo wa mgonjwa huona mengi ambayo hakukusudia kuyaonyesha. Picha hizo ni mali yake, wala si za muuzaji.

Huku hayo yakisubiriwa, ipo njia isiyohitaji umeme. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepooza mwili mzima mwaka 1995, alitunga kitabu kizima kwa kupepesa jicho la kushoto, huku akisomewa herufi zilizopangwa kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, E ikitangulia. Kibao cha Kiswahili kingeanza na A. Chaweza kuchorwa Gahanga leo jioni, kwa mkaa, juu ya kipande cha boksi.