Wema kwa Wazazi Waliozeeka na Nyumba Tunamowaweka

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa Ansar na Khuddam)



Mada tuliyopewa ni haki za wazazi, na kila mmoja wetu ameisikia mara nyingi. Katika Sura Bani Israil Mwenyezi Mungu ameutaja wema kwa wazazi mara tu baada ya amri ya kumwabudu Yeye peke yake, akakataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Tunapenda tuangalie jambo moja ambalo husomwa na kupitwa. Aya hiyo inamtaja mzazi aliyefikia uzee akiwa kwako, yaani chini ya ulinzi wako. Kwa hiyo nyumba imo ndani ya amri. Mwenye kumwambia mama yake maneno matamu mchana kutwa, kisha usiku akamwacha avuke ua wenye utelezi bila taa kwenda chooni, wema wake umeishia ulimini.

Wapo watakaosema kwamba habari za sakafu na vizingiti ni za mafundi, si za mimbari. Hao wakumbuke kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza taa zizimwe wakati wa kulala, kwa kuhofia panya asije akaikokota tambi na kuiunguza nyumba pamoja na wenyewe. Aliwaonya pia wale walalao juu ya dari lisilo na ukingo. Na kuondoa kinachodhuru njiani amekuhesabu kuwa ni tawi la imani. Ikiwa njia apitayo mtu tusiyemjua ina haki hiyo, basi njia ya baba yetu kutoka kitandani hadi chooni ina haki gani?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu. Wanaokufa zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 60. Mzee akivunjika nyonga hulazwa muda mrefu, na kulala huko huleta vidonda vya mgongoni, kichomi na damu kuganda miguuni. Nasi tukienda kuhani tunasema alianguka tu chooni, ikawa ndiyo siku yake. Siku ni ya Mwenyezi Mungu, hilo hatulibishi. Lakini ile sakafu ni ya kwetu.

Hebu tuzitazame nyumba zetu. Ile nyumba ya Kiswahili tunayoijua tangu Kariakoo hadi Tanga na Ujiji ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo kiko nyuma uani. Mzee anayelala chumba cha mbele hupita ukumbi mzima gizani, huruka kizingiti, hushuka ngazi, huvuka sakafu iliyomwagiwa maji ya kufulia, ndipo afike. Tiba ya kwanza haina gharama yoyote: mzee ahamishiwe chumba kilicho karibu na mlango wa uani, na ndoo, baiskeli za watoto na majiko visiachwe njiani.

Nyumba mpya, kwa kusema kweli, wakati mwingine ni mbaya kuliko za zamani. Kijana amekwenda Muscat au Ulaya, amejinyima miaka kadhaa, akamjengea mama yake nyumba yenye ngazi tano mbele na vigae ving'aavyo kama kioo hadi bafuni. Nia yake ni njema na malipo yake yako kwa Mola wake. Ila vigae hivyo vikipata tone la maji na sabuni huwa mtego. Sakafu ya bafu inataka vigae vyenye mkwaruzo. Na kama ni saruji, isipigwe niru, bali ichorwe kwa ufagio ingali mbichi. Pale penye ngazi pawekwe mteremko, ambao kila sentimita 1 ya kupanda ichukue sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kitahitaji mteremko wa sentimita 180. Uwanja ukiwa mdogo, basi ngazi zibaki, ziwe na chuma cha kushikia pande zote mbili na kingo zake zipakwe rangi nyeupe, maana mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi ya kijivu inapoishia.

Hapa chooni tuna mengi ya kusema. Mwenye magoti mabovu kuchuchumaa kwake ni adhabu, na kuinuka ni hatari zaidi. Si lazima choo kivunjwe. Seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, cha urefu wa sentimita 45 hivi, kikawekwa juu ya choo kile kile cha kuchuchumaa. Ukutani kiwekwe chuma cha kushikia, unene wa sentimita 3 hadi 5, kwenye kimo cha sentimita 85 au 90 kutoka sakafuni. Chuma hicho kichimbiwe ukutani kwa zege, kisipigiliwe misumari, kwani kikimng'okea mzee mkononi ni afadhali kisingekuwapo. Maji yawe kwenye ndoo yenye bomba juu ya stuli ili asiinamie pipa. Mlango ufunguke kwa nje, mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Na taa iwepo. Ya umeme hukatika, basi iwepo na ndogo ya jua.

Lipo jambo ambalo wazee wenyewe hawalisemi. Wengi wao huacha kunywa maji tangu alasiri ili wasiamke usiku. Mwenye kisukari anakaa na kiu, mwenye dawa za shinikizo la damu anaamka na kizunguzungu, nasi tunadhani ni uzee. Kumbe ni ile safari ya kwenda uani anayoiogopa. Mwenye kutumia dawa hizo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na kitanda kiwe cha kimo ambacho nyayo zake zikae chini sawasawa.

Vijana, msifanye haya yote kama mnaomkarabati mtu. Mwulizeni kwanza. Baba huenda akakataa chuma cha kushikia akiona ni alama ya ugonjwa. Mwacheni achague mwenyewe mahali pake. Na kumhamisha chumba kusiwe ndiyo njia ya kumwondoa barazani kwa rafiki zake.

Misikiti yetu nayo tusiisahau. Mtume Mtukufu s.a.w. alimruhusu mgonjwa asali akiwa ameketi, na asipoweza, kwa ubavu. Sharia imemrahisishia, nasi tumemjengea mahali pa kutawadhia penye kijiti cha zege kisichofika kimo cha goti, na sakafu yenye ukungu. Mzee akiacha kuja Alfajiri tusikimbilie kusema imani imepungua. Tukaangalie mabomba.

Tunapendekeza kwamba wakar-e-amal ya Khuddam mwaka huu ianze na nyumba za wazee wasio na watoto karibu. Lajna wawaulize akina mama, kwa kuwa yapo ambayo mama hatamwambia kijana wa kiume. Mafundi waashi na maseremala waliomo humu waandikishe majina kwa katibu wa Ansar kabla hatujatawanyika, na kazi ya uani itangulie, ili saruji iwe imekauka kabla ya masika.