Weka Mkono Palipo na Figo
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Shinyanga na Geita

Leo hatusomi herufi. Leo ni siku ya mtihani. Msiogope, maana mtihani huu hauhitaji kalamu wala karatasi. Unahitaji mikono yenu miwili tu. Mwalimu wa darasa atazame nani anaweka mkono wapi, wala asimsaidie mtu.

Haya, simameni. Nitataja kiungo kilicho ndani ya mwili, nawe uweke mkono mahali unapodhani kipo. Usimtazame jirani, huenda naye hajui.

Moyo. (Kituo.)

Ini. (Kituo.)

Figo. (Kituo.)

Mapafu. (Kituo.)

Ahsanteni, kaeni. Nadhani nimesikia kicheko huko Kahama.

Sasa tusahihishe. Moyo: wengi wenu mmeweka mkono juu ya titi la kushoto. Mmekaribia, lakini hamjafika. Moyo upo karibu na katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, baina ya mapafu mawili. Ncha yake ndiyo iliyoelekea kushoto, na hapo ndipo mapigo yanaposikika sana. Ukubwa wake ni kama wa ngumi ya mwenyewe. Kwa mtu mzima aliyepumzika hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika. Piga hesabu, utaona yapata mara 100,000 kwa siku moja, na hauna Jumapili.

Ini lipo kulia, chini ya mbavu, nalo lina uzito wa kilo moja na nusu au karibu na hapo. Aliyeweka mkono kushoto amegusa upande wa bandama.

Figo ndizo zinazowashinda watu. Wengi huweka mkono tumboni, chini ya kitovu. Hapo ni kibofu, mahali pa kungojea mkojo, si mahali pa kuutengeneza. Figo ziko nyuma. Peleka mikono yako mgongoni, moja kila upande wa uti wa mgongo, juu ya kiuno, pale mbavu za mwisho zinapoishia. Hapo hasa.

Kama umekosea, usione haya. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo cha King's College mjini London walitoa matokeo ya mtihani kama huu. Waliwaonyesha watu zaidi ya 700 picha za mwili na kuwauliza kila kiungo kipo wapi. Walioujua moyo hawakufika nusu. Nao wengi katika watu hao walikuwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa hospitali! Wamo waliougua figo wasiojua mahali pa figo.

Lakini sisi wa huku tuna mwalimu ambaye watu wa London hawanaye, naye ni mbuzi. Mzee wa Kisukuma akimchuna mbuzi atakutajia kila kitu bila ya kufikiri: hili ini, hii nyongo, hii bandama, haya mapafu. Basi nakuuliza, Mzee, figo za mbuzi ulizitoa wapi? Ulizikuta zimeshikamana na upande wa mgongo, zimefunikwa kwa mafuta. Na za kwako ndivyo zilivyo. Ile nyama nyembamba inayotenga kifua na tumbo, ambayo huipasua ndipo uufikie moyo, nawe unayo. Inaitwa kiwambo, na ndiyo inayovuta pumzi. Kwa mambo mengi tumefanana na mbuzi kuliko tunavyopenda kukubali.

Tofauti zipo pia. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, letu ni mfuko mmoja. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Mbavu zake ni jozi 13, za mtu kwa kawaida ni jozi 12. Na hapa nataka kumaliza ubishi mmoja ninaoukuta kila darasa: mwanamume hakupungukiwa na ubavu wowote. Mwanamume 24, mwanamke 24. Hesabuni.

Sasa, mtu mzima mwenye ng'ombe na wajukuu ana haja gani ya kujua haya? Nitawaambia yaliyonipata mimi, tena mimi ni msomi mwenye diploma ya Chuo Kikuu. Nilishikwa na maumivu kwenye kitovu, kisha yakashuka upande wa kulia, chini. Nikasema ni chango. Nikakandwa kwa maji ya moto siku mbili. Nilipofika hospitali nilikuwa sijiwezi, nikapasuliwa usiku uleule. Kilikuwa ni kidole tumbo, kijisehemu kidogo kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikivimba na kupasuka chaweza kumwua mtu. Kovu ninalo. Kwa hiyo ukifika zahanati usiseme tu, "Naumwa tumbo." Tumbo ni nchi kubwa, utumbo mwembamba peke yake una urefu wa karibu mita sita. Onyesha kwa kidole. Sema yalianzia wapi na yamehamia wapi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Wengi mnaonisikiliza mnaishi kwa dhahabu. Mmetoka mialoni, maduarani, kwenye makarasha.

Swali la kwanza kwenu: vumbi linaloua ni lipi, lile unaloliona au lile usiloliona? (Kituo.) Ni lile usiloliona. Vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na kamasi, nawe hulitoa kwa kupenga. Lakini jiwe la dhahabu mara nyingi lina madini ya silika ndani yake, na likisagwa hutoa vumbi jembamba mno. Hilo hupita puani, hupita kooni, hushuka mpaka vifuko vidogo vya hewa mwishoni kabisa mwa mapafu. Vifuko hivyo ni mamilioni mengi. Hapo ndipo hewa safi inapoingia katika damu. Vumbi likikaa hapo huacha makovu, na kovu la pafu halifutiki kwa dawa yoyote. Aliye na makovu hayo hupatwa na kifua kikuu upesi kuliko mwenzake. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo. Maji ndiyo husaidia: jiwe lililolowa halitoi vumbi jingi.

Swali la pili: zebaki huingia mwilini zaidi kwa njia gani? Kwa mdomo, kwa ngozi, ama kwa pua? (Kituo.) Wengi husema kwa ngozi, kwa kuwa wanaishika kwa mikono. Wasiishike, hilo ni kweli. Lakini njia kuu ni pua. Unapoichoma ile donge ili dhahabu ibaki, zebaki haikutoweka. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Katika kila sehemu 100 za mvuke unazovuta, kiasi cha sehemu 80 hubaki mwilini. Hutoka mapafuni, huingia damuni, na damu huipeleka kila mahali, hasa kwenye ubongo na kwenye zile figo mlizozitafuta tumboni. Kwa mama mwenye mimba hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikwenda Rwamagasa, Geita, wakawapima watu damu, mkojo na nywele. Wachomaji wa zebaki ndio waliokutwa nayo nyingi.

Dalili zake ni mikono kutetemeka, usahaulifu, usingizi kuruka, na hasira zisizo na sababu. Sikilizeni vizuri hiyo ya kutetemeka, ninyi walimu. Katika darasa moja nililolitembelea alikuwapo mama mmoja ambaye herufi zake hazikukaa mstarini hata kidogo. Mwalimu alimwambia, "Mama, zoea kalamu, utaweza." Wenzake walimaliza kitabu cha kwanza, yeye bado anahangaika na herufi "m". Nikamwuliza kazi yake. Akasema yeye huchomea watu zebaki, jikoni kwake, na mjukuu mgongoni, miaka mingi sasa. Mimi si mganga, sikuweza kumwambia ana nini. Mkono hutetemeka kwa sababu nyingi. Nilimwandikia barua aende nayo hospitali. Siku hiyohiyo alilitoa lile jiko nje, na mjukuu hambebi tena akichoma. Kuchomea nje ni afadhali kuliko jikoni, ingawa haitoshi. Bora ni chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Zebaki hiyo hutumika tena, kwa hiyo na fedha hazipotei.

Wazee wenu watakumbuka mwaka 1973, ile kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa kuzunguka redio kama ninyi leo, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nami nawapa kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo.

Kila mmoja achore umbo la mtu kwenye daftari, au mchangani kama hana daftari. Aweke moyo, mapafu, ini, bandama, figo mbili na kibofu, na aandike jina kando ya kila kimoja. Wanaochoma zebaki waandike pia ni mahali gani wanachomea, na nani hukaa karibu. Mwalimu akusanye majibu, na mwenye mkono unaotetemeka asihesabiwe makosa ya mwandiko.

Somo lijalo ni juu ya damu. Kwaherini.