John Thompson na Mpira Uliotolewa Upepo



Ofisini mwa kocha John Thompson, katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, palikuwa na mpira wa kikapu uliotolewa upepo. Kila kijana aliyeingia aliuona, na maana yake ilikuwa wazi: siku upepo utakapokwisha, wewe utabaki na nini?

Swali hilo halikuwa la mzaha. Thompson alizaliwa Washington mwaka 1941, na baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Alipokabidhiwa timu mwaka 1972, ilikuwa imetoka katika msimu wa kushinda mechi 3 na kushindwa 23. Miaka 10 baadaye aliifikisha kwenye fainali ya taifa.

Fainali hiyo ya 1982 waliipoteza kwa pointi moja tu, 63 kwa 62, mbele ya North Carolina. Katika sekunde za mwisho, Fred Brown wa Georgetown alimpasia mpinzani kwa makosa. Thompson hakumkaripia, alimkumbatia hadharani. Mwaka 1984 walirejea, wakaishinda Houston 84 kwa 75, naye akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo wa daraja la juu kwa wanaume.

Tarehe 14 Januari 1989 alitoka uwanjani kabla ya mechi kuanza. Alikuwa akipinga kanuni mpya ya kuwanyima ufadhili wa masomo wanamichezo wasiofikia alama zilizowekwa. Aliona kwamba ingewafungia mlango watoto wa maskini, wengi wao weusi. Mwaka 1990 kanuni hiyo ililegezwa.

Wapo waliomlaumu kwa ukali wake, na kwa kuwaweka wachezaji mbali na waandishi wa habari. Lakini mtazameni Dikembe Mutombo, kijana wa Kinshasa aliyewasili Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Thompson alimwingiza katika timu, na mwaka 1991 Mutombo akahitimu shahada ya isimu na diplomasia. Udaktari hakuupata. Hata hivyo, mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la marehemu mama yake, ilianza kupokea wagonjwa.

Thompson aliacha kazi Januari 1999, akiwa na ushindi 596. Alifariki dunia tarehe 30 Agosti 2020. Mutombo akamfuata tarehe 30 Septemba 2024.

Wasikilizaji, wengi wetu tulioko ugenini tuna watoto warefu, wepesi wa miguu, wanaoota kulipiwa masomo kwa sababu ya mpira. Tuwashangilie uwanjani. Kisha, wakirudi nyumbani, tuwaulize swali la mzee Thompson, na tuwaombe watuonyeshe madaftari.