Kusema Mbele ya Nani: Kiwewe cha Rwanda na Njia za Kukitibu

Kila ifikapo Aprili 7, viwanja na makanisa ya Rwanda hujaa watu waliokuja kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hotuba husomwa, manusura hutoa ushuhuda, kisha katikati ya umati mtu mmoja hupiga ukelele. Pumzi inamkatika, anataka kukimbia, anawasihi waliokaa jirani naye wamfiche. Vijana wa kujitolea waliofunzwa kazi hiyo humbeba hadi pembeni, mahali palipoandaliwa magodoro na washauri nasaha. Mara huwa ni mama wa miaka sitini. Mara nyingine ni msichana ambaye mwaka 1994 alikuwa hajazaliwa.

Wanyarwanda huiita hali hiyo ihahamuka. Wauguzi waliizoea mapema kuliko majarida ya kitabibu: kifua kubana, moyo kwenda mbio na, juu ya hayo, yakini ya mgonjwa kwamba jambo lililokwisha miaka mingi linatendeka sasa hivi, hapo hapo alipo.

Mhadhara huu unatetea hoja moja. Kwa mtu aliyebeba kiwewe kwa miaka, kuyasema yaliyompata kunaweza kumponya, na kunaweza vilevile kumjeruhi upya. Kinachoamua ni mazingira ya kusema: anasema mbele ya nani, kwa utaratibu gani, na akishamaliza anarudi kulala wapi. Rwanda imeyapitia yote mawili, na majirani zake pia wana la kufundisha.

Kati ya Aprili na Julai 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, watu 800,000 waliuawa kwa hesabu inayotajwa mara nyingi na Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Wengi hawakuuawa na jeshi geni lililovuka mpaka. Waliuawa na watu waliowajua kwa majina, waliosali nao, waliochota maji katika kisima kimoja. Mripoti maalumu wa Umoja wa Mataifa alikadiria mwaka 1996 kwamba wanawake waliobakwa walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Bunduki ziliponyamaza, adha haikukoma. Wapo walioachwa na virusi vya UKIMWI, wapo watoto wa miaka kumi na miwili waliogeuka wakuu wa kaya, na kila mjane alijua ni nyumba ipi ya jirani iliyokuwa na panga lililommaliza mumewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watuhumiwa zaidi ya 120,000, na familia zao zilibaki kwenye vilima vilevile na familia za waliouawa.

Kiswahili kina jibu la haraka kwa mambo ya namna hii: yaliyopita si ndwele. Ni methali nzuri kwa ugomvi wa ndoa na kwa deni lisilolipika. Kwa kiwewe haifai hata kidogo, kwani ugonjwa wenyewe ni kwamba yaliyopita yamekataa kupita.

Kwa nini yakatae? Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe na mahali. Mtu akiikumbuka harusi yake anajua ilikuwa mwaka gani, nani hakuhudhuria, mvua ilinyesha au haikunyesha, na anajua imekwisha. Tukio la kutisha huingia akilini kwa mlango mwingine. Mwili ukiwa umefurika homoni za hatari, sauti, harufu, maumivu na hofu hujichora kwa ukali usio wa kawaida, ilhali habari za lini na wapi hubaki hafifu. Wanasaikolojia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, hutofautisha kumbukumbu moto na kumbukumbu baridi. Ile ya moto haihitaji kuitwa. Aliyewahi kuwindwa na wanamgambo waliopigiana filimbi, filimbi ya refa uwanjani inamtosha.

Na mzigo hujilimbikiza. Miongoni mwa wakimbizi wa eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watafiti haohao na wenzao waligundua kwamba kati ya walioripoti matukio matatu au pungufu ya kutisha, 23% walikuwa na dalili kamili za msongo baada ya kiwewe. Kati ya waliopitia matukio 28 au zaidi, wote walikuwa nazo. Wale wanaopenda kusema kwamba fulani ameshindwa kuvumilia kwa sababu ya udhaifu wa tabia wangepaswa kuitazama takwimu hii kwa muda. Hakuna aliyekuwa imara kiasi cha kupona salama matukio 28.

Sayansi nayo ilichelewa. Msongo baada ya kiwewe uliingia katika mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na ulifikiriwa zaidi kwa mfano wa mwanajeshi aliyepatwa na tukio la kutisha kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1992 daktari Judith Herman alisema kipimo hicho hakimtoshi mtu aliyeteswa kwa muda mrefu bila njia ya kutoroka. Huyo, mbali na jinamizi na kushtuka, hushindwa kuzimudu hisia zake, hujiona hana thamani, na hushindwa kumwamini binadamu mwenzake. Ilipita miaka 30 kabla Shirika la Afya Duniani kuanza kuutumia uainishaji wa magonjwa unaoitambua hali hiyo kuwa na jina lake, Januari 2022.

Rwanda haikuweza kusubiri. Mauaji yalipokwisha nchi ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Naasson Munyandamutsa, alirudi kutoka Uswisi wakati ndugu zake wengi walikuwa wameuawa, akaanza kufundisha wengine. Utafiti alioushiriki, uliohoji watu 1,000 miaka 14 baada ya mauaji, ulikuta 26.1% wana msongo baada ya kiwewe. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulitoa sura nyingine: 3.6% katika umma kwa jumla, lakini 27.9% kwa manusura. Tafiti hizo hazikutumia sampuli za aina moja, hivyo si halali kuziweka pamoja na kutangaza kwamba nchi imepona. Zinachoonyesha wazi ni kwamba maumivu hayakugawanywa sawa. Robo karne baadaye, zaidi ya mmoja kati ya kila manusura wanne alikuwa bado anaishi na mwaka 1994.

Hapa ndipo suala la kusema linapoingia. Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa Juni 2012, zilikuwa kama 12,000, na kesi zilizopita mikononi mwao zinakaribia milioni mbili. Wakazi walikaa kwenye nyasi, mahakimu walikuwa wanakijiji wenzao, na aliyejua jambo alitakiwa na sheria kulisema. Wafadhili wengi waliamini kwamba ukweli ukitoka, moyo hupata nafuu. Mtafiti wa Sweden Karen Brounéus alikwenda kuipima imani hiyo kwa kuwahoji Wanyarwanda 1,200. Aliyoyakuta yaliwasumbua wengi: waliotoa ushahidi gacaca walikuwa na sonona na msongo baada ya kiwewe zaidi kuliko wale ambao hawakutoa. Wanawake aliozungumza nao walieleza vitisho kabla ya kikao na kejeli baada yake. Mama alisimama, akasema nani alimuua mwanawe, kisha jioni akatembea peke yake kurudi nyumbani, akipita mbele ya milango ya ndugu wa aliyemtaja.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Kwa njia ya gacaca familia nyingi zilijua mwishowe mifupa ya watu wao ilifukiwa wapi, na kuzika ni jambo ambalo hakuna mshauri nasaha anayeweza kulifidia. Lakini mahakama ni mahakama. Kazi yake ni kupata hukumu, na anayedhani itampa shahidi usingizi anaidai kitu ambacho haikuundwa kukitoa.

Arusha ilikuwa hivyohivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, iliandika historia Septemba 2, 1998 ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo ilipatikana kwa sababu wanawake walisafiri hadi Tanzania wakayasema yasiyosemeka mbele ya wageni. Miaka mitatu baadaye, mjini Arusha palepale, mwanamke aliyebakwa alipokuwa akihojiwa na wakili wa utetezi, mahakimu walicheka. Ilielezwa kwamba walichekeshwa na maswali ya wakili. Shahidi kizimbani hana kifaa cha kupimia kicheko kinamlenga nani. Januari 2002 mashirika ya manusura, IBUKA na AVEGA, yalisitisha ushirikiano na mahakama hiyo, na walikuwa na haki.

Kusini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusema kulifanywa kwa namna nyingine kabisa. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali, waliofunzwa kwa wiki chache tu. Katika njia mojawapo waliyotumia, tiba ya kusimulia maisha, kikao huanza kwa kamba inayotandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa. Mgonjwa anaweka ua mahali palipo na furaha, kwa mfano siku aliyoanza shule au siku mtoto alipozaliwa, na jiwe mahali palipo na hofu. Ncha ya kamba huachwa imekunjwa, kwa kuwa maisha hayajaisha. Baada ya hapo, kikao kwa kikao, anasimulia kwa kufuata mpangilio wa miaka. Akifika kwenye jiwe, mshauri hamruhusu kukimbia wala kuzama. Anamuuliza alisikia nini, alinusa nini, mwili ulifanya nini, na papo hapo anamrudisha: hiyo ilikuwa wapi, ulikuwa mwaka gani, na sasa umekaa wapi? Yote huandikwa, na katika kikao kinachofuata husomwa tena ili msimuliaji asahihishe. Mwishoni anapewa maisha yake yakiwa kwenye karatasi, ya kwake, yenye tarehe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya wakimbizi 277 walioshiriki, waliopata tiba hiyo ambao hawakuwa tena na ugonjwa walifikia 70%. Waliopata ushauri nasaha wa kawaida kutoka kwa wakimbizi wenzao walifikia 65%. Waliofuatiliwa tu bila tiba, 37%. Wauzaji wa mbinu mpya hupenda kuitaja ile 70% na kuipitia 65% harakaharaka. Pengine hii ya pili ndiyo habari kubwa zaidi: jirani aliyefunzwa, anayejua lugha ya mgonjwa na njia aliyopita, alifanya kazi karibu sawa na mbinu yenye jina. Mashariki mwa Kongo, katika Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, tiba ya vikundi kwa wanawake walionusurika ubakaji iliendeshwa na wasaidizi wa jamii, katika vijiji ambako wengi hawakujua kusoma na usalama ulikuwa wa mashaka. Miezi sita baada ya tiba, 9% walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya 42% ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja pekee. Hayo yalichapishwa mwaka 2013, na vita vyenyewe havijaisha.

Lakini mkimbizi wa Nakivale hakuketi na mke wa aliyemuulia baba. Kwa hilo Rwanda ilihitaji kitu kingine. Mwaka 2005 dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, kaskazini mwa nchi, ilianzisha vikundi vya watu kumi hadi kumi na tano, vyenye kukutana mara moja kwa wiki, kama saa tatu, kwa wiki 15. Manusura, wake za wafungwa na waliotoka gerezani walikaa duara moja. Vikao vya kwanza havigusi mauaji kabisa. Vinazungumzia usalama, halafu kuaminiana, halafu kutunzana na kuheshimiana. Kumbukumbu zinakuja mwisho. Anayetoka nje ya nchi na fomu ya mradi huona wiki hizo za mwanzo ni kupoteza muda, watu wanacheza michezo na kuulizana hali. Ukweli ni kwamba kazi inafanyika hapo, maana kiwewe cha kuuzwa na jirani kwanza huua imani. Vikundi hivyo vilienea nchini kwa jina la Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye.

Vijana nao walijitungia dawa yao bila kumsubiri mtaalamu. Mwaka 1996 wanafunzi yatima wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, Butare, waliunda chama cha AERG na kujigawa katika familia. Kila familia huchagua baba na mama kati ya wanafunzi wenyewe, wakati mwingine mama wa miaka 21 mwenye watoto wa miaka 20. Mama huyo hufuatilia nani hajala na nani amefeli mtihani, na Aprili ikifika, nani asiachwe alale peke yake.

Na yule msichana ambaye hakuwepo mwaka 1994? Watafiti, akiwemo Eugène Rutembesa wa Rwanda, waliwalinganisha wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji, pamoja na watoto wao, na wenzao waliokuwa nje ya nchi. Waliopitia mauaji, mama na mtoto, walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na msongo, kiwango kidogo cha homoni ya kortisoli, na alama tofauti za kikemikali kwenye jeni inayoshughulika na homoni hiyo. Kundi lilikuwa dogo, na si busara kumwambia kijana kwamba amerithi maafa kama rangi ya macho. Zipo njia nyepesi zaidi kuziona: baba asiyejibu anapoulizwa babu yuko wapi, mama anayefunga mlango saa kumi na moja jioni, nyumba isiyo na picha hata moja.

Uchunguzi ule wa 2018 una takwimu nyingine inayostahili kubandikwa ukutani katika wizara za afya za ukanda huu wote. Waliojua kwamba huduma za afya ya akili zipo walikuwa 61.7%. Waliozitumia, 5.3%. Zahanati ipo, nesi amefunzwa, na mtu hafiki. Anaona aibu, au anaita ugonjwa wake mawazo, presha, vidonda vya tumbo.

Wakati huohuo waliohukumiwa miaka 20 na zaidi wanamaliza vifungo. Wanarudi wakiwa wazee, kwenye vilima vilevile, kwa watoto wasiowajua na kwa wajane waliotoa ushahidi dhidi yao. Wilayani Bugesera, kusini mwa Kigali, shirika la Interpeace na washirika wake wa Rwanda wamekuwa wakijaribu kuwaandaa wafungwa kwa vikundi kabla hawajatoka, sambamba na vikundi vya wanaowangojea huko nje. Kazi hiyo ilianzia katika wilaya hiyo moja kati ya 30. Pasipo na vikundi hivyo, mjane huweza kupata habari ya kufunguliwa kwa mtu aliyemtaja gacaca siku anapokutana naye sokoni.