Kila Mlaji na Mafuta Yamfaayo



Yuko mkulima wa michikichi Kigoma auzaye mawese yake yote, kisha jioni hununua dukani mafuta yasiyo rangi. Fedha amepata, lakini chungu chake kimepungukiwa. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akosaye vitamini hiyo huanza kwa kutoona vyema magharibi ifikapo, na akiachwa hivyo aweza kupofuka. Mafuta ya dukani, yasipoongezewa vitamini, hayazibi pengo hilo.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakiwafai wote wa nyumba moja. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, na ya wanga 4. Mtoto aliyetimiza miezi 6, mwenye tumbo dogo, hufaidi kijiko kidogo cha mawese katika uji wake. Mama anyonyeshaye naye huhitaji chakula chenye nguvu. Bali mzee mwenye maradhi ya moyo hupunguziwa samli, tui zito na hata mawese, kwa kuwa mafuta ya aina hiyo huzidisha lehemu katika damu. Huyo hupikiwa kwa ufuta au alizeti, tena kwa kiasi.

Mawese yasichomwe mpaka rangi ikatoweka, maana karotini nayo hupotea.

Basi, kabla debe halijafika sokoni, chupa moja na ibaki jikoni. Katibu aandikaye mapato ya mwanachama na amkumbushe hilo.