Hotuba juu ya Madaktari Bingwa katika Hospitali za Thika na Ruiru

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano wa mwaka)



Twasema juu ya ombi lililorudi mikutanoni mara nyingi: kwamba Ruiru nayo ipewe daktari bingwa wa kila ugonjwa. Ombi hilo twalielewa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Mwaka 2019 walihesabiwa 490,120, na Thika 251,407. Mdogo amempita mkubwa kwa kimo, lakini hospitali ya ngazi ya tano iko Thika, na ya Ruiru ni ya ngazi ya nne. Mwenye kunung'unika hatumlaumu.

Walakini tusihesabu vichwa tu. Tuhesabu na saa. Juma moja lina saa 168. Mtumishi afanyaye kazi saa 40 hatimizi hata robo yake. Basi ili kiti kimoja kisikae kitupu mchana na usiku wanatakiwa watu watano, ukikumbuka likizo na maradhi. Tena mpasuaji hafanyi kazi peke yake: yuko mwenye kutia nusukaputi, yuko muuguzi wa chumba cha upasuaji, yuko mpimaji wa damu, na kila mmoja ana watano wake. Tunaposema Ruiru ipewe mpasuaji, tumeomba watu ishirini. Ni kweli, bingwa aweza kulala kwake akaitwa. Lakini aitwaye kila usiku, mwishowe haitiki.

Sasa tutazame ni kazi gani isiyoweza kungoja. Tukikadiria watoto 25 kwa kila watu elfu moja kwa mwaka, na hilo si kadirio kubwa kwa Kenya, Ruiru huzaliwa watoto zaidi ya 12,000, yaani zaidi ya 30 kila siku. Ikiwa katika kila mama kumi mmoja tu atahitaji kupasuliwa, hao ni watatu kwa siku. Na mama avujaye damu baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Huyo hatuwezi kumwambia angoje gari la wagonjwa limpeleke Thika, hata kama barabara kuu ni pana tangu mwaka 2012. Upasuaji wa uzazi, akiba ya damu na matunzo ya watoto wachanga vyapasa kuwa Ruiru usiku na mchana, wala hapo tusikubali udhuru wowote.

Upasuaji wa kichwa ni jambo jingine. Wagonjwa wake ni wachache, na mkono wa mpasuaji ni kama jembe: lisipolima hushika kutu. Mabingwa wawili wakigawanywa, mmoja Thika na mmoja Ruiru, hakuna mji utakaopata zamu kamili. Wakae pamoja Thika. Na yale yawashindayo yaende hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019, isiyo mbali na Ruiru. Mzee mwenzetu alipotuuliza kama twataka Ruiru iwe mtoto wa kambo, tulimjibu kwamba jina la bingwa mlangoni, naye hayumo ndani, ndio ukambo wenyewe. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100, na majengo yote yalikuwa yamesimama vilevile.

Tangu mwaka 2013 hospitali hizi mbili zi chini ya serikali ya kaunti, nayo huwaita wananchi kusema juu ya makisio ya fedha. Wajumbe wetu waendapo huko tumewaomba wasianze kwa kuuliza jengo litakwisha lini. Waulize: ni nani atakayekuwa zamu Ruiru saa nane za usiku, na mshahara wake umeandikwa ukurasa gani?