Mzinga na Chombo Chake: Mhadhara juu ya Kupangwa Upya kwa Kikosi cha Wanamaji wa Marekani



Mwaka jana, katika semina ya idara yetu, mwenzangu mmoja ambaye elimu yake naiheshimu na urafiki wake nautunza alisimama akasema kwamba kifaru kimekwisha kufa, na kwamba ithibati ya mauti yake ni kuwa Kikosi cha Wanamaji wa Marekani, ambacho hakuna kikosi mashuhuri kukishinda katika vita vya kushuka pwani, kimeviacha vifaru vyake vyote; akaongeza kwamba mzinga nao u mahututi, na kwamba roketi na ndege zisizo na rubani zimekwisha kugawana mirathi. Ukumbi ulimwafiki. Wasaa ulikuwa umekwisha na sikuweza kumjibu, na jawabu lililonibaki kifuani tangu siku ile ndilo ninalolileta leo mbele ya hadhira hii tukufu.

Habari yenyewe mnaijua, nami nitaipitia kwa haraka. Jenerali David Berger alishika ukuu wa kikosi hicho mwaka 2019, na mwezi wa Machi 2020 akatoa waraka wake wa kukipanga upya kikosi hadi mwaka 2030. Batalioni tatu za vifaru zifutwe zote. Kombania 21 za mizinga zibaki 5. Kombania 7 za roketi ziongezwe hadi 21. Watu wapunguzwe kiasi cha 12,000. Madhumuni yake yalikuwa kuwaweka wanamaji katika vikundi vidogo visiwani mwa Pasifiki ya magharibi, wakiwa na makombora ya kupigia manowari, ili China isipite baharini humo itakavyo. Majenerali wastaafu, miongoni mwao Paul Van Riper na Charles Krulak aliyewahi kuwa mkuu wa kikosi hichohicho, waliipinga rai hiyo hadharani kwa uchungu ambao maofisa wa Marekani hawana desturi ya kuuonyesha.

Sasa tuitazame hoja ya kifo. Kwanza, anayemleta Berger kuwa shahidi hajausoma waraka wa Berger. Haumo humo mstari unaosema kwamba kifaru kimepitwa na zama. Kinachosemwa ni kwamba kifaru, pamoja na historia yake ndefu ya heshima, hakifai kwa kazi ile ambayo kikosi kile kimepewa kuitanguliza, na kwamba atakayehitaji silaha nzito za deraya atazipata kwa Jeshi la Nchi Kavu. Na vifaru vile vilikwenda wapi? Havikuyeyushwa, vilikabidhiwa Jeshi la Nchi Kavu hilohilo, likavipokea. Mtu akiuza jahazi lake kwa jirani kwa sababu yeye amehamia bara, je, twaweza kusema kwamba majahazi yamekufa?

Pili, twaambiwa tuitazame Karabakh ya mwaka 2020, ambako ndege zisizo na rubani ziliteketeza vifaru vya Waarmenia mbele ya macho ya ulimwengu. Ni kweli ziliviteketeza. Lakini zilipita juu ya jeshi ambalo kinga yake ya anga ilikuwa kuukuu na imetobolewa, na mji wa Shusha, ambao kuanguka kwake ndiko kulikoimaliza vita ile, ulitwaliwa na askari wa miguu waliopanda majabali kwa mikono yao. Picha ya video huonyesha kile tu ambacho jicho la kamera lilikiona. Haionyeshi askari aliyekwea majabali.

Tatu, na hii ndiyo hoja iliyopigiwa makofi mengi kuliko zote, ni Ukraine. Katika majuma ya mwanzo ya mwaka 2022 vifaru vya Warusi vilifuatana barabarani kama msafara wa harusi, bila askari wa miguu wa kutosha ubavuni, bila mafuta ya kutosha, vikachomwa kimoja kimoja. Alaa kulli hali, nawauliza wenzangu: mwezi wa Januari 2023, Waukraine walioviua vifaru vile kwa mikono yao waliomba nini kwa marafiki zao? Waliomba vifaru. Uingereza ikaahidi Challenger 14, Ujerumani ikaahidi Leopard, Marekani ikaahidi Abrams 31. Poland, inayopakana na vita ile na kusikia mishindo yake, imeagiza vifaru kwa mamia kutoka Marekani na Korea ya Kusini. Mtu aliye ndani ya moto ndiye ajuaye thamani ya ndoo, na ushahidi wake nauweka mbele ya ushahidi wa mtazamaji yeyote.

Tena tangazo hili la mauti si geni. Lilitolewa mwaka 1973, pale askari wa miguu wa Misri walipovichoma vifaru vya Israeli katika Sinai kwa makombora waliyoyabeba katika masanduku. Maiti aliyetangazwa mwaka ule ameishi nusu karne na zaidi tangu hapo. Kila silaha mpya hukilazimisha kifaru kibadili mwendo na jamaa wa kufuatana nao. Kubadili mwendo si kufa.

Mtaniuliza basi: ikiwa kifaru ki hai, je, Berger alikosea kukiacha? Hasha. Hapa ndipo ninapofarakana na Van Riper pia. Abrams ina uzito unaozidi tani 60, na anayetaka kuificha katika kisiwa cha matumbawe, aihamishe usiku kwa chombo kidogo, ailishe mafuta kila siku, hana budi kuwa na meli kubwa, na meli kubwa ndiyo ile adui anayoitafuta. Kifaru cha wanamaji kiliondolewa na hesabu ya tani, wala si na droni.

Hesabu hiyo ni ya zamani, na mwalimu wangu katika jambo hili ni Earl Ellis, ambaye kitabu chake nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote kingine cha elimu ya vita. Mwaka 1921, miaka ishirini kabla ya vita na Japani, afisa huyu wa wanamaji aliandika mpango wa kutwaa na kushika visiwa vya Mikronesia. Ukiufungua unatazamia kukuta ngurumo, nawe unakutana na pepo na misimu, kina cha maji mlangoni mwa visiwa, miamba, vyakula vya wenyeji, maradhi, maji ya kunywa. Anapima visiwa kama nahodha wa Lamu apimavyo mlango wa bahari kabla ya kuingia. Anataka askari wapangwe na kufunzwa kwa kazi hiyo makhsusi kabla hawajang'oa nanga, kwa sababu ajua kwamba pwani haitoi muhula wa kujifunza. Tena hakuishia katika kutwaa: kisiwa kilichotwaliwa ni lazima kishikwe, na kukishika ni kuwa na mizinga inayotazama baharini. Mwaka 1923 alikufa Koror, katika visiwa vya Palau vilivyokuwa chini ya Wajapani, akivichungulia kwa macho yake visiwa alivyoviandika.  Kwangu mimi Berger amerudi kwa Ellis kwa hatua kubwa, ila amesahau kurasa chache, nami nitazitaja.

Ukitaka kuona kwa nini kurasa za maji na miamba zina uzito kuliko kurasa za silaha, nenda Tarawa. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1943 wanamaji walikiendea kisiwa cha Betio, na mashua zao zikakwama mwambani, kwa kuwa siku ile yalikuwa maji mafu na bahari haikujaa kadiri ya kuzivusha. Mvuvi wa Vanga au wa Kizimkazi hahitaji kufasiriwa maneno haya: huwezi kupita juu ya fungu siku za maji mafu kama upitavyo siku za bamvua. Askari wakateremka wakatembea majini mamia ya hatua mbele ya bunduki. Vifaru 14 vya Sherman vililetwa siku ile. Vingine vilizama katika mashimo ya mwamba, vingine vikapigwa, na vichache vilivyosalia ndivyo vilivyowafungulia njia askari ngome moja baada ya nyingine. Kwa muda wa saa 76 Wamarekani takriban 1,000 walikufa katika kisiwa ambacho mtu aweza kukizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Kifaru kilikuwa na faida Betio, nayo faida hiyo ilipimwa kwa kilichofika, wala si kwa kilichopakiwa.

Juu ya mzinga siwezi kumsamehe Berger. Hapa nasema kwa yakini yangu, na miaka yote ya kupima hoja za wengine haijaitikisa. Kombora ni silaha ya mlengo mmoja na saa moja. Bei yake ni kubwa na idadi yake inahesabika. Mzinga una subira. Mwaka 2017 wanamaji wenyewe walikuwa Syria wakipiga mji wa Raqqa kwa mizinga ya M777, na katika miezi mitano walifyatua risasi zipatazo 35,000, hata mitutu miwili ikaungua ikawa haifai tena. Ni hazina gani ya roketi ingevumilia miezi mitano ya namna ile? Na mzinga huo una uzito wa tani nne na kitu, helikopta huubeba ukining'inia. Basi ile hesabu ya tani iliyokihukumu kifaru haiuhukumu mzinga. Berger mwenyewe aliongeza baadaye kombania za mizinga kutoka 5 alizoazimia hadi 7, nami naihesabu hatua hiyo kuwa ni ungamo.

Mapenzi yangu kwa mzinga yana asili, na si haki kuwaficha. Nilipokuwa mtoto Mombasa, marehemu babu yangu alikuwa akinichukua Ngomeni siku za Ijumaa baada ya sala, akaketi kivulini, nami nikauendea mzinga wa Königsberg. Chuma chake kilikuwa na moto wa jua hata nilikigusa kwa kanzu. Nilikuwa nikiutia mkono katika mtutu hadi kwapani, nikaparaza vidole juu ya ile mifuo inayozunguka ndani, nikajiuliza imekwenda wapi. Babu akaniambia: «Huo ulizaliwa melini, mjukuu wangu, ukafia bara.» Sikumwelewa mpaka niliposoma.

Manowari Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Mwezi wa Julai 1915 meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaipiga, huku ndege kutoka Mafia zikiruka juu na kuwaelekeza wapigaji risasi zao zimeanguka wapi. Wale wanaosema kwamba jicho la angani limezaliwa Karabakh na waje Rufiji. Meli ikafa, mizinga yake kumi haikufa. Ikaopolewa, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana ya reli, ikapigana nchi kavu chini ya kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck, ikikokotwa katika tope na vichaka na mikono ya watu wetu, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Hizi ndizo kurasa za Ellis zilizosahauliwa: mzinga wa pwani, na kombora la pwani vilevile, huishi kwa chombo. Wanamaji waliwahi kuwa na kikosi cha namna hii aliyoitaka Berger. Kilikuwa katika kisiwa cha Wake mwezi wa Desemba 1941, watu wachache katika upweke wa bahari na mizinga ya inchi 5. Tarehe 11 waliwaacha Wajapani wakaribie, ndipo wakafyatua, wakaizamisha manowari Hayate. Kazi aliyoiota Berger ilifanyika siku ile, tena kwa mizinga. Lakini msafara wa meli uliokuwa njiani kuwaletea msaada uliamriwa ugeuke, na tarehe 23 kisiwa kikaanguka.

Leo rejimenti mpya za pwani ziko Hawaii na Okinawa, na makombora yao ya kupigia meli yanafika kilomita 185 na zaidi. Meli ndogo za kuwahamisha kisiwa hadi kisiwa zilikusudiwa kufikia 35. Mwishoni mwa mwaka 2024 Jeshi la Majini lilifuta mwito wa zabuni zake, kwa kuwa bei zilizoletwa zilizidi kadiri. Vifaru vilikuwa vimekwisha kuondoka na mizinga imekwisha kupunguzwa, chombo hakijaundwa. Laiti wale majenerali waliogombana miaka mitatu juu ya kifaru wangeutumia mwaka mmoja kugombana juu ya chombo hicho, ningewatilia sahihi wote wawili, Berger na Van Riper.

Thamani ya chombo twaiona pia huku kwetu: Lettow-Vorbeck naye alikuwa amezingirwa na manowari za Waingereza. Meli ya kwanza iliyomletea silaha ilipigwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915, na risasi zikaopolewa zikiwa zimelowa. Ya pili, Marie, iliingia Sudi, karibu na Lindi, mwezi wa Machi 1916. Ilichukua mizinga mipya na risasi za mizinga ya Königsberg, na shehena yake ilikuwa imefungwa tangu Ulaya mizigo mizigo, kila mmoja kwa kadiri ya kichwa cha mpagazi.